Fundi Posta na Anwani Aliyoiandikia Kila Asubuhi

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kumsindikiza mdogo wangu, karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu, watoto wake walitaka kuichapa nikakataa, maana marehemu mwenyewe alikuwa akisema mwandiko wangu ni mbaya lakini hauhitaji umeme. Wifi yangu, mjane wake, ameisoma yote kabla yenu, na ameniruhusu niyaseme hata ya mwaka 2011, ambayo wengi wenu mliyasikia, na mliyasikia kutoka kwangu, na leo nimesimama hapa pamoja na mengine ili niyafute.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Machi 1968, saa tisa alasiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba, mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja na nimetumwa mbio kumwita mkunga, nikasimama njiani kusikiliza ugomvi wa watu nisiowajua, na nilipomfikisha mkunga mtoto alikuwa ameshafika bila kutusubiri.

Alisoma shule ya msingi iliyo jirani na stesheni kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, na akiwa darasa la tatu aliifungua redio ya baba kwa kijiko, akitaka kujua sauti hulala wapi redio ikizimwa, akapigwa, kesho yake akaifungua tena kwa sababu jibu alikuwa hajalipata. Alimaliza sekondari mwaka 1985, na tarehe 2 Desemba 1988 akapata cheti cha ufundi wa redio na vyombo vya umeme, mimi niliyeishia darasa la sita nikakipeleka kile cheti nyumba kwa nyumba kukionyesha, kikarudi na alama ya mafuta ambayo ipo mpaka leo.

Kazi alianza mwaka 1989, akitengeneza redio na mashine za kupiga chapa katika karakana iliyotazamana na stesheni, na Januari 1998 akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, ambako mwenye kiwanda alikuwa amenunua kompyuta sita na hakuna aliyejua kuzifanya zipelekeane barua. Marehemu alijifungia na kitabu kimoja kinene kwa wiki tatu, akasimika seva, yaani ile mashine inayopokea barua za watu wote na kumgawia kila mtu zake, na barua ya kwanza aliyoituma kutoka chumba kimoja kwenda chumba cha pili ilichukua dakika arobaini, mwenye kiwanda akasema, fundi, hata mimi na goti langu hili ningeshaipeleka na kurudi. Hapo ndipo alipopewa jina la Fundi Posta, kwa dhihaka, naye akalipenda akaliandika mlangoni alipofungua ofisi yake tarehe 3 Februari 2003, ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi cherehani.

Mimi nilikuwa napenda kukaa katika ofisi ile, kwa sababu watu hawana siri mbele ya mtu anayewatengenezea barua zao, na nilimuuliza maswali mpaka akaninunulia kiti changu mwenyewe. Alinifundisha kwamba barua ina milango miwili, wa kutokea na wa kuingilia, na mtu anaweza kuwa anapokea vizuri huku anachoandika hakitoki nje hata hatua moja, naye akadhani amenuniwa. Alikuja mwalimu mkuu mmoja akilia kwamba barua zake zinaibwa na msaidizi wake, amekwisha kumwandikia onyo, na marehemu alikwenda mpaka nyumbani kwa mwalimu akakuta kompyuta ya zamani chini ya ngazi, inawashwa na wajukuu wakicheza, na kila ikiwashwa inazivuta barua zote kutoka kwenye seva bila kuacha hata moja. Alikuja daktari wa meno ambaye seva zote zilimkataa, kosa likawa saa ya kompyuta yake, imerudi nyuma miaka tisa, na seva haimwamini mtu anayesema anatoka zamani. Nikamuuliza, sasa wewe unajuaje barua imefika kweli na haijaangukia kwenye zile barua taka ambazo mtu hazifungui, akasema hakuna njia ila moja, unamtumia mtu aliye nje, mtu unayemwamini, unamuuliza imefika, naye anajibu imefika.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1995 na binti aliyekuwa mpokea wageni katika kliniki ya macho, huyu wifi yangu mnayemwona, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 30 Mei 1997, sasa ni mfamasia, na mvulana aliyezaliwa tarehe 11 Septemba 2001, anayesoma upimaji wa ardhi. Wifi yangu alikuwa na kaka mmoja tu, ambaye kwao walimwita Kishada, kama kile cha karatasi kirushwacho kwa uzi, kwa wembamba wake, akiwa masomoni kuwa mwalimu akaacha chuo bila kumwambia mtu, na kwa mwaka mzima akawa anatoka kila asubuhi na begi la vitabu kama anakwenda darasani. Baba yake alipogundua alisema mbele ya wageni kwamba nyumba yake haina tena mtoto wa kiume, na tarehe 21 Novemba 1999 Kishada akaondoka na begi lile lile, na hata baba alipofariki mwaka 2002 hakuonekana. Wifi yangu alianza kusema kaka yangu amekufa, na marehemu, kuanzia mwaka 2004, akawa anamjibu hajafa, akiulizwa amejuaje anasema najua tu, nasi tukadhani ni maneno ya kumbembeleza mke.

Sasa nafika mwaka 2011. Jumatatu tarehe 13 Juni nilikuwa kwenye kiti changu pale ofisini, marehemu akatoka kwenda kuchukua maji ya chai, nami nikavaa miwani nikachungulia kioo cha kompyuta yake, hakunituma mtu. Niliona orodha ndefu, barua kila siku, hata Jumapili, zote kwa mtu mmoja ambaye jina lake limeandikwa Jaribio, yeye ameuliza imefika, na kila siku amejibiwa imefika, nami nikajiambia, nani duniani humjibu mwanamume kila siku bila kukosa kama si mwanamke. Nilimwambia jirani mmoja tu, nikamwapisha, na umbea hauhitaji seva, kabla ya jioni ulikuwa umeshafika jikoni kwa wifi yangu ukiwa na mwanamke mwenye gari na mtoto wa miaka mitatu, ambao hata mimi niliyeuanzisha sikuwajua.

Wifi yangu alimtaka mumewe amwonyeshe barua zile, akakataa, akasema sina mwanamke, lakini kuna jambo nikilisema litakufa, na wifi akafunga sanduku akaenda kwa shangazi yake, akakaa huko miezi minne. Kila Jumapili marehemu alikwenda akakaa sebuleni kwa shangazi yule, akitazamwa kama mdaiwa, akanywa chai yake akarudi, na lile neno moja ambalo lingemrudishia mke hakulisema. Wifi alirejea tarehe 20 Oktoba, akasema amerudi kwa ajili ya watoto, yule mvulana akamjibu mama sisi tulikuwa tunakula mkate tu lakini tulikuwa tunavumilia, wakacheka, ila chumba chao kilibaki na ubaridi wake, na mimi tangu siku ile wifi yangu amenipa heshima zote isipokuwa mazungumzo.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Machi 2023, miguu ikivimba na pumzi ikikata kwenye ngazi za ofisi, akahudhuria kliniki bila kukosa, na Jumatatu tarehe 6 Januari 2025 akazidiwa adhuhuri akalazwa wadi namba nne, ambako kwa siku saba alikuwa akijitambua na kupotea, na simu yake ilikaa imezimwa kwenye mkoba wa wifi. Siku ya nane, Jumatatu tarehe 13, saa kumi jioni, wakati wa kuona wagonjwa, aliingia mwanamume mwembamba mwenye mvi na begi begani, wifi yangu akasimama, akakaa, akasimama tena, akasema Kishada, na yule mtu akashindwa kumtazama dada yake akamtazama mgonjwa, akasema, shemeji, jaribio lako halikufika. Marehemu akafungua macho akasema, basi limefika.

Mambo yalikuwa hivi, na Kishada ameyasema kwa kinywa chake. Mwaka 2004 marehemu alikuwa akitengeneza seva ya kampuni moja ya kusafirisha mizigo, na katika daftari la seva, linaloandika kila barua imetoka wapi na inakwenda wapi, akaiona anwani yenye neno Kishada, ya karani wa ghala katika tawi lililo mwendo wa siku nzima, akaiandikia, jaribio, imefika, na baada ya siku mbili akajibiwa, imefika, wewe nani. Alipojitaja, Kishada akamjibu kwamba kwa aibu ya kutomzika baba hawezi kumtazama dada yake, na siku dada atakapojua, siku hiyo hiyo anaifunga anwani na kuhama, na marehemu, aliyejua anwani ikifungwa barua hazina pa kwenda, akakubali, ili walau pawepo uzi mmoja usiokatika, na kila asubuhi kwa miaka ishirini akauvuta kidogo kuona kama upande wa pili kuna mtu. Wapo watakaosema alikosea kumnyima mkewe ukweli huo, hata wifi amelisema, na amelisema akiwa ameushika mkono wa marehemu.

Juzi binti yake alifungua kompyuta ya ofisini akakuta barua ambazo hazikujibiwa, na kwa ruhusa yao nazisoma. Tarehe 7, leo sijapata kitu, nadhani ni foleni. Tarehe 8, foleni bado. Tarehe 9, umenifundisha kwamba seva hairudishi barua upesi, huiweka foleni ikajaribu tena na tena siku tano, basi nangoja. Tarehe 10, siku ya nne. Tarehe 11, siku ya tano. Tarehe 12, nakuja. Alipanda basi asubuhi ile, na kesho yake fundi cherehani wa chini akamwelekeza hospitali.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 16 Januari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkewe upande mmoja wa kitanda na shemeji yake upande wa pili, ameacha mjane, watoto wawili, dada mmoja, na seva thelathini na moja ambazo zote asubuhi ya leo zinafanya kazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi namba nne, hasa muuguzi wa zamu aliyemwacha mgeni akae baada ya kengele, wateja waliokuja huku barua zao zimekwama na hawakuulizia, fundi cherehani aliyeshona nguo aliyovikwa marehemu akakataa kusikia habari ya ujira, na majirani, wote, hata yule mmoja niliyemwapisha.

Na kwenu niliowapelekea habari ya mwanamke mwenye gari, hakuwapo mwanamke, wala gari, wala mtoto, mwanamke huyo ni huyu hapa mwenye mvi aliyekaa karibu na dada yake. Najua uongo ulifika kwa siku moja na ukweli una miguu mizito, kwa hiyo kuanzia kesho nitapita mlango kwa mlango kama nilivyopita na kile cheti, nikikukosa nitarudi, nikikukosa tena nitarudi, nipeni siku tano. Mlango wa kwanza ni wa wifi yangu.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, kiti changu nimemwachia Kishada.