Nani Aliyeitoa Shule Yetu?

Kijiwe chetu kiko njia panda ya kuingilia Munje, ubavuni mwa duka la misumari na simiti. Ni mabenchi mawili yanayotazamana, na katikati Boga Chirau huweka jiko lake la makaa na buli la kahawa kila siku baada ya swala ya alasiri. Jumatatu hiyo tulikuwa watano, sote wazazi wa shule moja ya msingi. Swabir, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi katika kesi ya shamba, alikuwa ameshika barua iliyoletwa na watoto. Barua ilisema kwamba kuanzia muhula ujao shule itabaki mali ya serikali, lakini itaendeshwa na shirika moja kutoka Nairobi. Wanafunzi watahojiwa mmoja mmoja, kwa mdomo, kwa Kiingereza. Watakaoshindwa watahamishiwa shule ya ng'ambo ya barabara kuu. Bodi ya shule imeidhinisha.

WAKILI: Lisikilizeni neno hili. Imeidhinisha. Bodi imemuuliza nani? Mimi nimeulizwa? Wewe Tembo umeulizwa?

Tembo ni dereva wa lori la mchanga. Kwa kuwa hakuna habari isiyomfikia, jina lake la kijiweni ni Setilaiti.

SETILAITI: Mimi mbuzi wangu hauzwi bila kuulizwa, sembuse shule aliyosoma baba yangu!

WAKILI: Wazee walibeba mawe ya msingi vichwani. Leo aje mtu na tai yake, apewe funguo?

INJINIA: Lakini wasee, tuseme ukweli.

Huyu Injinia ni Jacktone, mzaliwa wa Siaya, anayetunza bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya Diani.

INJINIA: Darasa la kijana wangu lina watoto tisini na wawili. Mwalimu ni mmoja, na wiki iliyopita alikuja siku mbili. Kijana yuko gredi ya nne, bado anafuata herufi kwa kidole. Shirika likija na walimu wa kutosha, si atasoma? Hapa mnalinda nini hasa?

WAKILI: Tunalinda haki.

INJINIA: Haki haifundishi hesabu, buda.

WAKILI: Usiniite buda. Nina jina nililopewa na mamangu.

SETILAITI: Wewe Injinia unadhani wanataka kufundisha? Kiwanja kile kinatazama wapi? Baharini. Ukisimama darasa la nane unaona maji. Hiyo shule watakaa nayo mwaka mmoja, halafu utasikia ni hoteli.

INJINIA: Barua imesema ni mali ya serikali.

SETILAITI: Na ufuo je, si mali ya serikali? Hebu kapite bila kuulizwa unakwenda wapi.

Hapo Injinia aliinamia kikombe chake, maana yeye mwenyewe huingia kazini kwa mlango wa nyuma.

WAKILI: Si hoteli. Hoteli ni ndogo. Ni madini. Mwaka juzi walikuja watu na vyombo vya miguu mitatu, wakapima mpaka nyuma ya vyoo.

SETILAITI: Wale walikuwa wa barabara.

WAKILI: Barabara gani hiyo ipite chooni? Mchanga wa pale ni mweusi. Wewe unabeba mchanga, hujauona?

SETILAITI: Nimeuona. Wallahi nimeuona. Na ni mzito.

WAKILI: Basi! Ndiyo maana wanataka watoto washindwe. Wakishindwa wanahamishwa. Wakihamishwa shule haina watu. Shule isiyo na watu inachimbwa.

INJINIA: Hiyo ngumu kuamini. Lakini kuna kitu nilisikia kazini. Kuna mgeni alisema watu wa hoteli ya kisiwani Chale wanatafuta mahali pa kushukia ndege ndogo. Uwanja wetu wa mpira hauna hata kichuguu.

SETILAITI: Ndege zibebe madini usiku!

WAKILI: Sasa unaanza kuelewa, Injinia.

Boga alikuwa akisuuza vikombe. Kwa kawaida hachangii. Siku hiyo aliongea bila kuinua uso.

BOGA: Twaiba wangu atahojiwa Jumatatu ijayo.

WAKILI: Twaiba ni mtoto hodari, hana neno.

BOGA: Akiandika ni wa tatu darasani. Lakini mwajua ulimi wake. Mtu mgeni akimsemesha, neno la kwanza halitoki. Hata jina lake halitoki. Watasema hajui kitu. Atakuwa akiikata ile barabara ya malori kila siku, asubuhi na jioni.

Hakuna aliyetaja madini tena. Setilaiti huendesha lori katika barabara hiyo. Alitazama kandambili zake.

Ndipo alipofika mwanamke mmoja aliyevaa sare ya dobi ya hoteli.

— Shikamooni wazee. Mimi naitwa Viola. Nimepanga chumba pale kwa Bi Shutu, nina wiki mbili tangu nitoke Vihiga. Nimetoka kumwandikisha mtoto shuleni, wakanipa barua kama hiyo mliyoshika. Nataka kujua nimwone nani.

WAKILI: Marahaba. Mama, hapa umefika. Sisi tumekuwa juu ya barua hii tangu alasiri. Hujuma tupu. Bodi imeuza watoto.

— Na ile orodha ya nyuma, hao ni watu wa hapa?

WAKILI: Orodha gani?

— Ya wajumbe wa bodi. Iko nyuma ya karatasi.

Wakili aliigeuza barua. Tulikuwa tumeisoma karibu saa nzima, upande mmoja.

Nyuma kulikuwa na majina na sahihi. Wakili aliyasoma kwa sauti ya mahakamani mpaka akafika sehemu iliyoandikwa "wawakilishi wa wazazi."

WAKILI: Mangi Baya.

SETILAITI: Huyo alihamia Shimoni zamani! Mwanawe wa mwisho ana mtoto.

WAKILI: Mwanarusi Chirau.

BOGA: Dada yangu? Tulimzika kabla ya Ramadhani.

SETILAITI: Marehemu ametia sahihi! Jamani, hawa watu hawamwogopi hata Mungu! Soma, Wakili, wa tatu nani? Msaliti wa tatu nani?

Wakili hakusoma. Alimpa Boga ile karatasi.

Boga aliisogeza karibu na macho. Akasema sahihi ile ni yake.

SETILAITI: Boga! Wewe? Unatumiminia kahawa huku umetuuza?

BOGA: Mimi hupeleka kahawa siku za kikao. Kila muhula. Nikifika karani hunipa daftari, ananiambia andika jina, namba ya kitambulisho, tia sahihi. Nilijua ni ya kahawa.

WAKILI: Kahawa yaandikiwa namba ya kitambulisho?

BOGA: Ofisi ya serikali, bwana. Hata ukiingia hospitali ya Msambweni kumwona mgonjwa unaandika.

INJINIA: Na siku ya kupitisha hii kitu ulikuwa ndani?

BOGA: Nilikuwa ndani. Walisema Kiingereza kirefu, wakanyoosha mikono. Na mimi nilikuwa nimenyoosha wangu, nataka mwalimu mkuu anipe kikombe chake.

Hakuna aliyecheka. Setilaiti alisema huo ni uzembe wa kushtakiwa. Injinia alisema yeye alitaka walimu, si wizi wa majina. Wakili alisimama, akasema kisheria kikao kile ni batili, na kwamba Boga ni mshtakiwa na shahidi kwa wakati mmoja. Walimgombeza Boga kwa ukali ambao hawakuwa wameuonyesha hata kwa lile shirika. Viola aliwaacha wakachoka.

— Hiyo bodi inakaa tena lini?

BOGA: Alhamisi saa nne. Wameagiza mabuli mawili.

— Basi wewe ni mjumbe, baba. Jina lako limo. Safari hii usimimine. Keti.

BOGA: Nikiketi wataniuliza nani kanituma.

WAKILI: Waambie umetumwa na wananchi!

BOGA: Wananchi gani? Watataka majina. Niwataje kina nani?

Viola alitoa kalamu mfukoni. Katika nafasi tupu chini ya orodha aliandika jina lake na namba yake ya simu, akasema zamu yake Alhamisi inaanza saa nane, kwa hiyo atakuwepo. Kisha akaiweka barua juu ya benchi, na kalamu juu ya barua.

Wakili alisema ni vyema kwanza apekue sheria. Setilaiti alikuwa na mzigo wa kupeleka Lunga Lunga. Boga alitutazama mmoja baada ya mwingine, akafika hata kwangu.

Adhana ya magharibi ilianza. Tuliinuka haraka, tukakung'uta nguo, tukasema tusikawie swala. Hata Injinia Jacktone, ambaye ni mwimbaji wa kwaya ya kanisa, aliinuka akatufuata upande wa msikiti.