Mwale wa Sita Unagonga Ghala

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ghorofa ya mawe, likitazama ghala la mabati ng'ambo ya barabara. Mnara wa simu uko nyuma ya ghorofa hiyo, hatua mia mbili tu, lakini mtandao haujawahi kutufikia. Jana alasiri, birika likiwa bado la moto, tulikaa wanne: Spoki, fundi baiskeli; Hakimu, kinyozi anayetoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi; Bi Kipimo, mshonaji, ambaye utepe haujamtoka shingoni tangu nimjue; na mimi, mnywaji tu. Wao watatu walikuwa na simu za majaribio. Msimamizi wa mafundi wa minara alikalia ndoo mbele yetu, kompyuta mapajani, redio mkononi. Juu ya mnara, tusikomwona, alikuwa binti wa Spoki. Miaka miwili amebeba nyaya za wengine. Sasa amedai mtandao unaweza kutufikia. Msimamizi alicheka, kisha akaweka sharti: simu zote tatu zikiingia mtandaoni kabla ya saa kumi na robo, awe fundi mkuu wa kundi. Ikikosa moja, arudi kwenye nyaya.

HAKIMU: Hebu tueleze, mkubwa. Mtandao unakujaje?

MSIMAMIZI: Mnara haumwagi mtandao kila upande kama maji. Unatupa miale minane, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayezungusha tochi. Simu inaipima, inachagua mmoja unaotosha, halafu inapiga hodi kwa kufuata mwale huohuo. Mnara ukiitika, umeingia.

HAKIMU: Kumbe simu ina adabu kuliko shemeji zangu.

BI KIPIMO: Na ikichagua vibaya?

MSIMAMIZI: Itapiga hodi mpaka ichoke, mama.

HAKIMU: Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mnara ni mgonjwa, unangoja wageni.

BI KIPIMO: Wahenga wakikusikia watakunyang'anya ulimi.

HAKIMU: Sikiliza. Tatizo si mnara, ni hii ghorofa. Inakula mtandao! Hamwoni nyufa? Imeshiba, inapasuka.

BI KIPIMO: Basi siku ikipasuka kabisa tutapigiwa simu zote za miaka kumi kwa mara moja.

HAKIMU: Zote! Jiandaeni.

BI KIPIMO: Na ile ya marehemu mume wangu, ya kusema atachelewa?

HAKIMU: Hiyo itakuwa ya kwanza. Tena atakuwa bado anatafuta kisingizio.

Tulicheka, isipokuwa Spoki. Alikuwa anafuta kiganja kwenye suruali, kiganja kilekile, kana kwamba grisi ya miaka thelathini ingetoka siku hiyo.

BI KIPIMO: Baba mtu, kunywa kahawa.

SPOKI: Nitakunywa akishuka.

Saa kumi kamili redio ikakoroma.

BINTI: Nimewasha. Miale yote minane inazunguka.

Hapo tukafanya kitu ambacho hatujawahi kukifanya. Tulisimama. Kwa heshima, sote wanne, tukaligeukia jengo lenye mnara nyuma yake, tukalipa ghala mgongo, simu zimekumbatiwa vifuani kama watu wanaopokea wimbo wa taifa.

Dakika tano zikapita.

HAKIMU: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Labda tupande juu ya benchi.

MSIMAMIZI: Hakuna hodi hata moja. Nilimwambia.

SPOKI: Mwambie baba yake yupo hapa. Mwambie hivyo tu.

Msimamizi alisita, akainua redio.

MSIMAMIZI: Baba yako anasema yupo.

BINTI: Amekaaje?

MSIMAMIZI: Hajakaa. Wamesimama wote, wametazama ukuta.

BINTI: Wamesimama? Mkubwa, mwambie akae! Akae kama anavyokaa kila siku, miguu ameinyoosha mbele, simu juu ya goti, uso kwenye ghala. Nimempelekea chakula hapo tangu niko darasa la pili, namjua anavyokaa. Mwale wa sita nimeuelekeza kwenye mabati ya ghala, udunde, uwafikie usoni. Sasa wameukinga kwa migongo!

Hatukungoja kuambiwa mara ya pili. Benchi lililia kwa uzito wetu.

MSIMAMIZI: Ngojeni… Ya mama imepima. Imechagua wa sita. Imepiga hodi… Imeitikiwa! Ameingia!

BI KIPIMO: Mimi? Mimi wa kwanza?

MSIMAMIZI: Ya kinyozi na ya mzee zimepiga hodi wakati mmoja, hodi ileile. Mnara haujui ni nani. Zimerudi nyuma, kila moja ingoje kidogo peke yake.

HAKIMU: Spoki, toka mlangoni!

SPOKI: Toka wewe!

MSIMAMIZI: Kinyozi ameingia.

Zilibaki dakika mbili. Spoki aliitazama simu gotini kama tairi analolisikiliza linavuja wapi.

MSIMAMIZI: Imepiga tena. Safari hii kwa nguvu zaidi. Haijaitikiwa.

BI KIPIMO: Hodi ya tatu, baba. Ya tatu ndiyo hodi.

MSIMAMIZI: Imepiga.

Bi Kipimo akaushika utepe wake kwa mikono miwili.

MSIMAMIZI: Imeingia. Zote tatu. Mwale wa sita.

Akafunga kompyuta taratibu, akasimama, akasema kwenye redio neno moja.

MSIMAMIZI: Hongera.

Hakimu alipiga ukelele uliomtoa mteja wake kibandani, povu shavuni. Bi Kipimo akauvua utepe shingoni, akamvika Spoki kama nishani. Tulipiga makofi, tukapiga benchi, tukapiga birika.

Katika kelele hizo akaja mgeni, anakokota baiskeli yenye pancha.

MGENI: Kuna nini?

HAKIMU: Mtandao, ndugu yangu! Umefika kijiweni!

MGENI: Hongereni. Sasa mnampigia nani?

Tukatazamana. Hakimu humpigia Bi Kipimo. Bi Kipimo humpigia Spoki. Mimi huwapigia wao. Na sote tulikuwa pale, goti kwa goti.

Spoki peke yake alikuwa anabonyeza namba. Iliita mara moja.

SPOKI: Halo, fundi mkuu? … Ndiyo, ni mimi. Nakusikia kama uko hapa. … Hapana, mwanangu, usilie ukiwa juu, utateleza. Shuka polepole. Shuka uje ukae.

Sote tukasogea.