Macho ya Kijiweni na Miguu ya Mboni

Niapie kwanza, shoga, hili hulitoi, hata kwa mumeo. Haya. Unakijua kile kijiwe cha kahawa hapa Janga, chenye kibanda cha makuti? Wanaume wanakaa kivulini toka asubuhi, wanahukumu dunia. Juzi Mzee Abeid kafika kanyong'onyea, kahawa hata hagusi. Mjukuu wake Mboni ana mwaka na nusu, hajasimama, miguu imepinda. Hospitali wamempima, wakasema vitamini D iko chini sana, wakampa dawa ya matone.

Hamidu, yule wanamwita Profesa, shule kaishia la nne kama mimi, akawahi:

— D ni ya nne hiyo. A, B na C mmemmalizia?

Ponsiano fundi milango, ndiye Injinia wao, akabisha:

— Mama yake alibeba ndoo na mimba ile.

— Wapi, Profesa akarudi. Ni mnara wa simu, unavuta mifupa. Mbona hata jogoo wangu anachechemea?

Nilipohadithiwa hapo, nilicheka mpaka kanga ikanivuka. Lakini Mzee Abeid anazungusha kikombe tu. Sasa kulikuwa na mgeni, Kondo, kaleta mihogo yake kutoka Msimbu. Akawaamkia, akanywa, akauliza taratibu:

— Samahani wazee wangu. Nani kati yenu amewahi kumuona huyo mtoto nje?

Wakatazamana. Hakuna. Mtaa mmoja, mwaka na nusu, hata sura yake hawaijui.

Ndipo Mzee akafunguka. Dada yake Mboni alikufa mchanga, watu wakasema kijicho. Huyu alipozaliwa, babu kakataza asitolewe, na akitolewa afunikwe gubigubi. Nesi alimwambia mtoto apate jua, hilo akalimeza, nyumbani hakulisema.

— Niliwaogopa nyinyi. Macho yenu.

Wee! Injinia ndiye akajibu:

— Kesho mlete, Mzee. Tutaangalia chini.

Asubuhi wamelitoa benchi kivulini, wakaliweka juani. Mboni kapakatwa na babu, vimiguu nje, mibaba yote imeinamia mchanga kama imepoteza sindano. Mtoto akanyoosha mkono, akamvua Profesa kofia. Profesa hakuinua uso.

— Mzee, naruhusiwa kumtazama?

— Mtazame.

Nani kaniambia? Mzee Abeid mwenyewe, pale bombani, anajifuta macho kwa kofia yake. Akaniapisha nisimwambie mtu.