Mwalimu Ririani wa Songambele

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Wazee wangu wa Karagwe na Kyerwa, shikamooni. Vijana, hamjambo. Kama uko shambani umeweka redio kwenye shina la mgomba, isogeze kidogo. Kama unaanika kahawa, endelea kuanika, lakini sikiliza. Mimi ni Rogasian, na leo sijaja na salamu za kuchangamsha. Nimekuja na deni la maneno. Ni langu mwenyewe, na ninalo tangu mwezi wa sita mwaka jana.

Tunamkumbuka msichana wa Bugene aliyekuwa mwalimu. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Jina lake kwenye vyeti ni Liliane Hagenimana. Nawaomba mlishike jina hilo, Liliane, kwa L mbili. Mambo yote ya leo yanazunguka hapo.

Sisi watu wa huku tunajuana. R na L kwetu ni ndugu wa tumbo moja, hatuwatofautishi. Mnyambo atasema amekwenda kura chakura, na atashiba vizuri tu. Ndugu zetu wenye asili ya Rwanda nao ni hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi hii nilichekwa. Mkufunzi wangu alinikalisha mbele ya maikrofoni wiki mbili, nikirudia: kalamu, lulu, lawalawa. Nikanyooka. Nikawa najivunia L yangu. Nisameheni kwa majivuno hayo, mtaona yalikonifikisha.

Liliane alizaliwa Bugene, mtoto wa pili wa Mama Costansia. Baba yao alifariki mapema. Mama alikuwa analima vibarua kwenye mashamba ya watu, akasomesha watoto wawili kwa jembe. Kaka mtu, Mutabazi, aliishia darasa la saba ili mdogo wake aendelee. Nilipomtembelea Mama Costansia, aliniambia hivi: "Ririani alikuwa anafundisha migomba. Anasimama na kijiti, anaiambia migomba ikae kimya." Alipokuwa anasema hivyo alikuwa anatazama migomba, hakunitazama mimi.

Akasoma, akamaliza chuo cha ualimu. Ajira ikawa haijapatikana, na wengi wenu mnaijua hali hiyo. Hakukaa nyumbani kulia. Alikwenda Kyerwa, kata ya Songambele, kwenye shule moja ya msingi yenye watoto wengi na walimu wachache. Akapewa darasa la pili. Mwalimu wa kujitolea. Watoto sabini na wanne.

Sasa, palikuwa na shule moja iliyokuwa ikichukua walimu wapya. Jina lake silitaji. Shule hiyo ilitaka mwombaji aonyeshe kwa maandishi kwamba amesimama darasani mwaka mzima wa masomo. Siku mia moja tisini na nne. Kila siku iandikwe, na kila siku mkuu wa shule athibitishe kwa mkono wake.

Liliane akanunua kauntabuku nene. Akaipiga mistari kwa rula. Tarehe, darasa, somo, mada, mahudhurio, maoni. Safu ya mwisho ilikuwa ya mkuu wa shule, Mzee Gaudiosus, Mnyambo wa Nyaishozi, mwalimu wa miaka mingi aliyekuwa anamalizia utumishi wake. Kila siku masomo yakiisha, mzee alivaa miwani yake, akaandika kwa mwandiko mzuri wa zamani: "Mwl. Ririani amefundisha. Nimeshuhudia." Kisha akasaini.

Mmesikia alichoandika? Aliandika Ririani. Aliandika alivyosikia, na alivyokuwa anamwita, na walivyokuwa wanamwita watoto wote. Kwa siku mia moja tisini na nne mzee aliandika Ririani.

Mtaniuliza, Liliane hakuona? Aliona siku ya kwanza. Alimwambia kaka yake kwa simu huku anacheka: "Nitamwambiaje mzee kama yule kwamba amekosea jina langu? Amenipokea kama mtoto wake." Mwenye kulelewa huku analielewa jibu hilo. Mkubwa hasahihishwi kalamu, hasa akiwa mwalimu wako mkuu. Liliane akageuza ukurasa.

Na jambo la ajabu ni kwamba somo lenyewe alikuwa analifundisha. Nimeishika kauntabuku hiyo kwa mikono yangu. Siku ya arobaini na mbili, Kiswahili, mada ni sauti za L na R. Kwenye maoni ameandika: "Wanafunzi 51 kati ya 70 waliohudhuria wametofautisha kula na kura. Mimi bado wananiita Ririani. Somo litarudiwa." Walimu mnaonisikiliza mnayajua maneno hayo. Somo likiwashinda watoto, mwalimu anaandika hivyo, na kesho anarudi nalo. Yeye aliyaandika mara kumi na saba. Nimezihesabu.

Mwaka ukaisha. Mzee Gaudiosus akastaafu, akarudi kwake Nyaishozi. Liliane akabaki Songambele na watoto wake, sasa wako darasa la tatu. Mkuu mpya akaja mwezi wa nne, naye akaambiwa huyu ni Mwalimu Ririani. Likizo ya mwezi wa sita ilipofika, Liliane akachukua kauntabuku na vyeti, akapeleka maombi kwenye ile shule.

Karani alifungua cheti, akafungua daftari, akacheka. Akasema: "Dada, cheti ni cha Liliane. Huyu Ririani ndiye aliyefundisha. Mlete aje achukue kazi yake."

Liliane aliomba aape kiapo cha majina. Akaambiwa kiapo hakitasaidia, daftari ni la mkono, liandikwe upya na aliyeshuhudia asaini upya. Na maombi yanafungwa baada ya wiki mbili.

Mutabazi anasema dada yake alirudi nyumbani siku hiyo. Alikaa kwenye mkeka wa kuanikia maharage, akauliza: "Kaka, mimi ni nani?" Mutabazi akadhani ni utani, akamjibu kwa utani. Mpaka leo jibu hilo linamuuma, hataki kulirudia, na mimi sikumlazimisha.

Akanunua kauntabuku nyingine. Kwa siku tano aliandika upya, tarehe kwa tarehe, siku zote mia moja tisini na nne. Kisha akapanda bodaboda kwenda Nyaishozi kwa Mzee Gaudiosus.

Nilikwenda kwa mzee. Macho yana mtoto wa jicho sasa, na mkono unatetemeka. Alinisimulia akiwa ameshika kalamu, ingawa hakuwa na cha kuandika. "Waitu, ndugu yangu, nilimwomba msamaha," alisema. "Nilimwambia, mwanangu, nimekuandikia mtu mwingine mwaka mzima. Yeye akacheka tu. Akanielekeza herufi kwa herufi kama mtoto wa darasa la pili: L, I, L, I. Nikawa naandika."

Wakakaa mezani tangu asubuhi. Mzee alisaini siku mia moja sabini na moja. Zikabaki ishirini na tatu. Mkono ukakataa. Akamwambia: "Njoo Jumatatu tumalizie." Liliane akainama, akamshukuru, akaondoka.

Ilikuwa Ijumaa, jua likiwa bado juu. Vumbi la mwezi wa sita mnalijua. Mbele palikuwa na lori, nyuma ya lori hakuna kinachoonekana, na ndani ya vumbi hilo palikuwa na ng'ombe anavuka. Bodaboda ikamgonga. Dereva wa bodaboda alivunjika mguu. Liliane hakuamka. Simu yake ilisagika kabisa. Kauntabuku ilikuwa kwenye mkoba, ameukumbatia kifuani. Haikupata hata mkunjo.

Wasikilizaji wapendwa, sasa nafika kwenye deni langu.

Jumamosi asubuhi Mutabazi alikuja hapa redioni na karatasi ya tangazo la kifo. Namba zote za Songambele zilikuwa kwenye ile simu iliyosagika. Redio ndiyo ilikuwa njia yao pekee. Nikaipokea karatasi. Nikasoma mara tatu: saa nne, saa saba, saa kumi. Nilisema hivi: "Familia ya Mama Costansia wa Bugene inasikitika kutangaza kifo cha binti yao Liliane Hagenimana. Mazishi ni kesho nyumbani." Kanda tunayo. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Ile L ni safi. Mkufunzi wangu angefurahi.

Na hapakuwa na neno mwalimu. Nilimuuliza Mutabazi baadaye kwa nini hakuliandika. Akasema: "Karatasi zake zilikuwa hazijakamilika. Niliogopa kumwita mwalimu redioni, watu wakasema tumejipandisha."

Akazikwa Jumapili. Majirani walikuja, kwaya iliimba, Mzee Gaudiosus alikuja na kalamu yake mfukoni. Lakini Mama Costansia aliniambia alikuwa hatazami jeneza. Alikuwa anatazama njia. Alikuwa anasubiri sare za shule. Akamuuliza Mzee Gaudiosus: "Mwalimu anazikwa bila watoto wake?" Mzee akajibu kwamba ni likizo, watoto wametawanyika, lakini redio imetangaza, watakuwa njiani. Hakuna aliyetokea.

Kumbe Songambele walisikia. Kuna msichana anaitwa Anatolia, wa darasa la tatu. Alikuwa anamenya ndizi na bibi yake wakati ninasoma lile tangazo la saa kumi. Bibi akasema, "Poleni watu wa Bugene." Anatolia naye akasema pole. Wakaendelea kumenya. Liliane huyo hawakumjua.

Shule zikafunguliwa. Watoto wakafagia darasa. Wakaandika tarehe ubaoni kama alivyowazoesha, na chini yake, wasichana wangapi, wavulana wangapi. Wakakaa. Hakuja. Kesho wakafuta, wakaandika tarehe mpya. Siku tisa. Mkuu mpya alipiga simu, haipatikani. Akawaambia labda Mwalimu Ririani amepata ajira. Alikuwa anawatakia mema.

Nilimuuliza Anatolia walijisikiaje. Alivuta sweta yake, akasema: "Tulimkasirikia. Hakutuaga. Mlangoni tulikuwa tumeandika jina lake kwa chaki. Tulilifuta kwa mate."

Siku ya kumi alifika Mutabazi. Mama yake alimtuma awatafute watoto ambao hawakuja kuzika. Alikuja na zile kauntabuku mbili. Aliuliza ofisini kuhusu Mwalimu Liliane, akaambiwa hapa hakuna mwalimu huyo. Akafungua kauntabuku ya zamani, akaiweka mezani. Mkuu mpya alisoma safu ya mwisho, akakaa chini.

Tangu hapo mambo hayajatulia. Mzee Gaudiosus kila Jumatatu anafuta meza, anaweka viti viwili. Anasema husikia hodi, anaitika karibu, na mlangoni hakuna mtu. Anatolia anasema akiandika tarehe ubaoni husikia mtu nyuma yake akimwambia, herufi ikae juu ya mstari. Hageuki. Mimi ninakaa kwenye kiti hiki, naletewa karatasi ya kifo cha mtu, na kabla sijafungua mdomo nasikia sauti yangu mwenyewe ikisema Liliane, vizuri kabisa, kwa watu wasiomjua. Naogopa, ndugu zangu. Sioni aibu kusema.

Zile siku ishirini na tatu zilisainiwa. Mutabazi alipeleka kauntabuku mpya Nyaishozi. Mzee alisita, akasema hajawahi kumsainia marehemu. Halafu akasema siku hizo alikuwa hai, na yeye alimwona. Akasaini zote, akajaza hadi ya mia moja tisini na nne. Kazi ilishampata mwingine. Lakini alisaini.

Mama Costansia anazo zote mbili kabatini, hazilazi pamoja. "Huyu alifundisha," ananionyesha ya zamani. "Na huyu ana karatasi." Aliniomba kitu kimoja tu. Aliniomba nimtangaze tena.

Mama yangu Costansia, kaka yangu Mutabazi, pokeeni pole yetu. Mzee Gaudiosus, pole, na utulie, mkono wako haukuwa na ubaya. Mkuu wa shule na watoto wote, poleni sana. Na ninyi mnaonisikiliza, mkija hapa na karatasi ya msiba, nitawauliza swali moja kabla sijaisoma: watu wake walimwitaje? Msinishangae. Nanyi nyumbani jiulizeni. Yupo mtu mnayemwita kila siku, anawaitikia, na hamjawahi kumuuliza jina lake linaandikwaje. Muulizeni leo akiwa hai.

Ukurasa wa mwisho wa kauntabuku ya zamani, maoni yanasema: "Wengi sasa wanaweza. Jina langu bado. Somo litarudiwa."

Mwalimu, linarudiwa.

Familia ya Mama Costansia wa Bugene inasikitika kutangaza kifo cha binti yao, Mwalimu Ririani, aliyekuwa anafundisha Songambele. Alifariki Ijumaa, wakati wa likizo, akiwa njiani kutafuta saini ili aendelee kufundisha. Amezikwa nyumbani. Habari ziwafikie wanafunzi wake wote sabini na wanne, popote walipo. Anatolia, ni yeye. Hakuwaacha.