Gudrun wa Ytterholmen, Aliyeogopa Kungojeshwa

Habari nyingi za maisha haya Rahab alizisikia kwa marehemu mwenyewe, jikoni kwake Brooklyn Center, kando ya Minneapolis, katika nyumba yake ambayo Rahab, mumewe Timothy na mtoto wao Stacy wamepanga tangu 1993, na kwa kuwa marehemu hakuacha ndugu, familia hiyo ndiyo inayosimama leo mbele yenu kama watu wake.

Marehemu Gudrun alizaliwa tarehe 14 Machi 1912 katika kisiwa cha Ytterholmen, kaskazini mwa Norwei. Kisiwa hicho kidogo kilijitawala kwa halmashauri yake tangu 1866, kilikuwa na shule, duka na posta, ila makaburi hakikuwa nayo, maana chini ya nyasi ni mwamba mtupu, na kila aliyekufa alivushwa kwa mashua akazikwe bara.

Alisoma shule ya hapo kisiwani. Februari 1922 baba yake, aliyekuwa mwenyekiti wa halmashauri, alifariki, bahari ikachafuka, na jeneza likawekwa katika banda la mashua kwa wiki tatu. Kila jioni Gudrun alitumwa kuhakikisha mlango umefungwa, akawa anasikia mawimbi yakipiga ukuta, akaamini ni baba anayebisha atolewe, na hofu hiyo haikumtoka tena maisha yake yote.

Alihamia Minneapolis mwaka 1930, akafanya kazi ya kufua shuka za hospitali hadi alipostaafu 1977. Tarehe 6 Juni 1936 alifunga ndoa na Alfred, seremala, wakajaliwa mtoto mmoja, Harrison, aliyefariki akiwa mchanga, naye Alfred akafuata 1981, wote wawili majira ya joto, jambo ambalo marehemu aliliita rehema. Tarehe 1 Januari 1964 halmashauri ya Ytterholmen ilivunjwa ikaunganishwa na ya bara, shule ikafungwa, watu wa mwisho wakahama 1971, na marehemu alizoea kusema kwamba kwao kulimtangulia kufa, na hakuna aliyekwenda kuzika.

Novemba iliyopita moyo ulianza kumsumbua. Siku moja wakiwa mezani Timothy, kwa utani wake, alimwambia bibi huyu, ambaye nyumbani tulimwita Shosho, "Shosho, ukienda winter hii tutakuzika July, tukila ice cream," kwa kuwa alisikia kazini kwamba ardhi ya huku ikiganda kwa baridi haichimbiki, na maziko mengine hungoja hadi iyeyuke. Shosho hakucheka, aliweka kijiko chini, na tangu siku hiyo akawa analala taa ikiwaka. Ndipo Rahab, ambaye hata kupokea simu huogopa, alipomshika mkono akamwahidi kwamba hatawekwa bandani.

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 9 Januari 1996, saa kumi alasiri, Stacy akiwa amemshika kidole, na jioni hiyo mtunza makaburi wa Blaine, alikolazwa Alfred, alisema kwa simu kwamba jeneza litakaa katika chumba cha mawe kilicho getini hadi Aprili.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliomtibu, jirani yetu Peris aliyetuletea chai na kukaa nasi, wenzake wa zamani wa kufulia waliofika leo na mikongojo yao, na Bwana Maurice, mtunza makaburi huyo, kwa jambo lifuatalo.

Asubuhi iliyofuata Rahab alimfunga Stacy mkanda kiti cha nyuma, akaendesha gari kwenye barafu kwa mara ya kwanza, hadi Blaine, akamweleza Bwana Maurice habari za lile banda na mlango uliobishwa. Mzee akaleta mfuniko wa chuma na makaa, akawasha moto juu ya ardhi kando ya kaburi la Alfred ili ilainike ichimbike, na Rahab akasimama hapo na mtoto mgongoni, hadi theluji ilipoyeyuka na udongo mweusi ukaonekana.

Kaburi liko wazi, Shosho. Pumzika, hungoji tena.