Maji ya Koplo Fausta

Wasikilizaji wapendwa, wazee wangu wote shikamooni. Mlioko Endasak, Hirbadaw, Jorodom, na nyie wa kule juu Mbulu, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Koplo Fausta Bura. Askari. Mzaliwa wa Endasak. Alikuwa pia mke wangu, mimi Hermani ninayesema nanyi. Mkisikia sauti inakauka msilaumu mitambo. Ni mimi.

Fausta alikufa mwaka jana katika nchi ya jirani. Wananchi wa kule wanapigana wenyewe kwa wenyewe, na askari wetu walipelekwa kuwaamua. Nimeambiwa nisiitaje hiyo nchi. Sawa, siitaji. Kila mtu anaijua.

Mimi ni wa darasa la saba. Kabla ya redio nilikuwa nanadi ng'ombe mnadani, ndiko nilikopata hii sauti. Fausta ndiye aliyesoma. Alipotaka kwenda jeshini, baba yake, Mzee Bura, alikataa. Akasema msichana akishika bunduki, jembe atashika nani? Fausta akamjibu, "Baba, jembe nimelishika toka mdogo, na bado natembea peku." Mzee akacheka. Akamruhusu.

Sasa wasikilizaji, watu wanafikiri askari akiwa vitani anapiga risasi kutwa nzima. Si hivyo. Fausta alikuwa anapanda juu ya viroba vya mchanga kutafuta mtandao, ananipigia. Ananisimulia lindo la asubuhi, lindo la mchana, maharage yenye wadudu, kombati ambazo hazikauki kwa sababu mvua ya kule haina adabu. Siku moja akaniambia, "Baba Doris, waasi sijawaona bado. Ila kunguni nimewazoea, nimewapa majina ya mawifi zangu." Doris ni binti yetu. Alicheka sana siku hiyo, simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa.

Lakini shida kubwa ilikuwa maji. Nalirudia hili, mlishike. Shida ilikuwa maji.

Kambi ilikuwa juu ya kilima, mto uko chini. Boza la maji la askari liliharibika, likaachwa pale mpaka majani yakaota kwenye matairi. Boza la pili lilikuwa zima. Hilo lilipeleka maji kwenye nyumba za wakubwa, wakaoga, wakaosha na magari. Askari wadogo wakaambiwa washuke mtoni na madumu. Kila asubuhi, njia ile ile. Hata mchunga mbuzi wa Hirbadaw anajua, penye fisi hupitishi mifugo njia moja kila siku. Wakubwa wale hawakujua. Au walijua.

Fausta alibeba dumu mgongoni kwa kamba, kama tunavyobeba huku. Askari mmoja wa mjini akamtania kwamba sisi Wambulu huzaliwa na dumu mgongoni. Fausta akamwambia, "Na wewe ulizaliwa na bomba mdomoni, ndiyo maana hufungi." Ndivyo walivyoishi. Utani na madumu.

Asubuhi moja waasi waliwavizia pale mtoni. Fausta akapigwa risasi. Akafa.

Mwili ukaletwa Endasak. Mkubwa mmoja akaja na msafara, akasoma hotuba. Akasema Koplo Fausta alianguka mstari wa mbele akimshambulia adui. Alisema vizuri, watu wakapiga makofi. Msibani, makofi. Neno maji halikutajwa.

Jeneza likashushwa. Mzee Bura akanyanyuka, akalaza fimbo yake juu ya kaburi. Kwenye ukoo wao kaburi halifukiwi mpaka aliyekuwa na marehemu aseme alivyokufa. Akauliza nani alikuwa naye. Mkubwa akasema ameshaeleza. Mzee akamuuliza kwa upole kabisa, "Wewe ulikuwa naye?" Mkubwa akatazama saa yake.

Katika askari waliosindikiza mwili kulikuwa na kijana anaitwa Patriki, hana cheo chochote. Yeye ndiye aliyekuwa na Fausta. Akamwangalia mkubwa wake. Mkubwa akatikisa kichwa kumkataza, na sote tulimwona. Kijana yule ana mama na wadogo zake, wote walikuwa wanakula kwa kazi ile.

Mzee Bura akamsogelea. "Kijana, asubuhi umenipa shikamoo, nimeitikia. Sasa nipe na neno."

Patriki akavua kofia.

"Mzee, tulikuwa tunateka maji. Dumu langu limejaa, lake bado. Nikamwambia afande, twende. Akasema ngoja nijaze, walioko lindo hawajanywa. Hatukuwa na mtu wa kutulinda. Tuliliomba lile boza la wakubwa, tukajibiwa sisi ni wanajeshi, siyo watoto wa shule."

Mkubwa akaenda kwenye gari. Mzee Bura akaondoa fimbo. Akasema, "Mzikeni sasa." Tukamzika.

Patriki alifukuzwa kazi. Yuko kwao analima vitunguu. Juzi nimempigia, nikamuuliza kama nitaje jina lake hewani. Akaniambia, "Taja, shemeji. Kazi wamechukua, jina wasichukue."

Kwenye karatasi zao bado wameandika mstari wa mbele. Nilikwenda kuomba warekebishe. Wakaniambia nitamshushia marehemu heshima. Wasikilizaji wapendwa, mke wangu alikufa akiwatekea wenzake maji. Heshima iliyoshuka hapo si ya kwake.

Pole kwako Mzee Bura. Pole mwanangu Doris. Pole kijana Patriki na mama yako. Na mimi Hermani, kwa kuwa hakuna mkubwa aliyenipa pole, najipa mwenyewe.

Nawaachia jambo moja la kutafakari. Mzazi, kijana wako akichaguliwa kwenda kwenye vita vya watu, usiulize habari za bendera. Mtafute mkubwa wake, umuulize maji ya askari yanatoka wapi. Akikujibu kwa hotuba, mshike mtoto wako mkono, mrudi nyumbani.