Bi. Filemu Aukuso na Kadi Zake 1,140

Ijumaa, Oktoba 31, Bi. Filemu Aukuso anastaafu baada ya kulitumikia gazeti letu hapa Apia kwa miaka 37 na miezi minne. Nafasi yake haitajazwa.

Alianza kama mpigachapa. Ni yeye aliyeanzisha sanduku la kadi, ambazo leo ni 1,140: kila cheo cha ukoo, kila anayekishika, kijiji chake, na simu ya nyumbani au ya mchungaji. Cheo kimoja huweza kushikwa na wazee watatu kwa pamoja, wote wakaitwa jina hilo hilo, kwa hiyo habari ya msiba haikupita mezani kwake kabla hajapiga simu. Wastani, dakika 25 kwa kila habari. Siku moja fundi mitambo alimlalamikia, "Mama, mashine inakula dizeli bure!" Akajibiwa, "Iache iendelee kula. Marehemu hana haraka."

Miaka mitatu iliyopita gazeti, redio, tovuti na video viliwekwa chumba kimoja. Waandishi kumi na mmoja wakabaki sita, kila mmoja aandike, arekodi na apige picha. Tulishangilia, na anayeandika haya alipiga makofi kuliko wote. Hesabu yetu ilikuwa mbovu. Zamani redio ikikosea asubuhi, sisi tuliiumbua kesho yake, nayo haikutuhurumia tukiteleza. Sasa sote tunachota kisima kimoja. Chura akifia humo, mji mzima unakunywa.

Mwezi Machi, mzee mmoja wa kijiji cha Matauli mwenye cheo cha Leauvao alifariki Auckland. Katika dakika tisa habari ilikuwa redioni, kwenye simu na kwenye video, pamoja na picha ya Leauvao Setefano, mshika cheo mwenzake, ambaye saa hiyo alikuwa anapalilia magimbi yake. Bi. Filemu alikuwa bado anapiga simu. Kufikia mchana jamaa wa kisiwa cha Savaii walikuwa kwenye feri na mikeka ya maziko, na nguruwe wawili wameshachinjwa. "Mmemzika baba yetu na jembe mkononi!" wana wa Setefano walitufokea.

Uongozi ulifuta video, ukaweka sahihisho la mistari miwili, ukaona yamekwisha. Bi. Filemu hakuwa amekosea hata neno moja. Lakini alfajiri iliyofuata alikwenda Matauli, akaketi chini mbele ya nyumba ya mzee, kajifunika mkeka wake bora kuanzia kichwani, kama waombavyo radhi wenye kosa zito. Aliyeandika haya alimwendesha, akabaki garini. Wenye nyumba wasipoufunua mkeka, hakuna msamaha, na gazeti halina tena pa kukanyaga kijijini hapo.

Alikaa hivyo kwa muda wa saa moja na dakika arobaini. Ndipo mzee Setefano akatoka, akaufunua kwa mkono wake.

"Inuka, mama. Maiti amekuja kukupokea. Si ungenipigia nikwambie sijafa?"

"Nimekupigia mara saba, mzee. Uko shambani tu."

Wakacheka wote wawili. Garini hakuna aliyecheka.

Katika kuaga ameomba jambo moja: abaki mtu wa kupiga simu. Amejibiwa kwamba mpango mpya hauna nafasi hiyo. Basi kuanzia Jumatatu sanduku litakuwa idara ya usambazaji, mezani kwa yule aliyebaki garini, naye ndiye atakayepiga simu.

Bi. Filemu, asante. Pumzika, ule vizuri, uishi sana. Na siku habari yako itakapotufikia, tutapiga simu kwanza. Mungu ajalie upokee mwenyewe.